Barua kwa mwanangu: umeniuliza kama moyo hufa ganzi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema umechoka na mahesabu ya ofisini, unataka kusomea uhifadhi wa maiti na usimamizi wa mazishi, kazi niliyoifanya mimi miaka 23. Umeuliza mengi kuhusu vyuo, kisha mwishoni kabisa ukaandika: "Mama, moyo haufi ganzi?" Nadhani hilo ndilo swali lako, hayo mengine umeyatanguliza tu.

Haufi. Kinachokufa ni woga, nao hufa upesi kuliko unavyodhani. Mwezi wa kwanza nilikuwa nashtuka usingizini, wa tatu nikawa nalala vizuri. Moyo unabaki palepale, na siku utakapoletewa mtoto mchanga utajua kwamba upo. Watoto sikuwahi kuwazoea.

Masomo yasikutishe. Ni anatomia, kemia, elimu ya vijidudu, sheria za vibali vya mazishi, na hesabu za biashara ambazo wewe tayari unazo. Muda hutofautiana kati ya nchi na nchi, ila karibu kila mahali utafanya mazoezi chini ya mtu mzoefu kabla ya kuachiwa mwili peke yako. Hapo kwa mzoefu ndipo utakapojifunza kazi.

Nikupe mfano. Vitabu vitakufundisha kwamba mwili huanza kukakamaa kati ya saa 2 na 6 baada ya kifo, ukianzia kwenye kope, taya na shingo, unakaza kabisa kufikia kama saa 12, kisha unalegea wenyewe siku ya pili. Sawa. Lakini mkono uliokauka kifuani unaulazaje? Unashika kiwiko kwa mkono mmoja na kifundo kwa mwingine, unakanda msuli, unakunja kidogo, unakunjua, unarudia, mpaka unausikia unakubali. Mwenye haraka huvuta. Ukivuta, ngozi ya mzee inachubuka kama karatasi iliyolowa, na marehemu hawezi kusema "naumia". Mlango umefungwa, hakuna anayekuona, na unayemhudumia hatakushtaki popote. Mwanangu, jipime hapo. Kama wewe ni mtu wa kufanya vizuri mpaka usimamiwe, baki ofisini kwako.

Nakuambia hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Mwaka wangu wa nne, miili miwili ya wazee ililala kwenye jokofu moja, jina la kwanza sawasawa. Nilisoma jina la kwanza kwenye lebo, sikumalizia. Nikasaini daftari, familia ikaondoka na mtu asiye wao. Waligundua walipofunua uso. Nilikwenda mwenyewe kuwaomba radhi. Mjane hakunitukana, aliniangalia tu, kisha akauliza, "Na wangu yuko wapi sasa?" Tangu siku ile sikutoa mwili bila mwenzangu kusimama pembeni, lebo ya mkononi na ya mguuni zisomwe kwa sauti, majina yote na namba, mmoja akisoma na mwingine akifuata kwenye daftari. Wenzangu waliniona nachelewesha. Niliwachelewesha miaka 19.

Kuhusu dawa, nitasema kidogo. Fomalini huingizwa kwa ateri ya shingo, damu ikatoka kwa vena iliyo jirani nayo. Mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliitangaza formaldehaidi, ambayo ndiyo kiini chake, kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo chumba kisicho na feni ya kuvuta hewa usikubali kukifanyia kazi, hata wakikuita mwoga. Na mwili unaotakiwa kuchomwa ukague kifua kwanza: kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kisipotolewa, betri yake hulipuka ndani ya tanuri.

Wala usiwaahidi wafiwa kwamba dawa itamweka vilevile. Dawa huchelewesha, haizuii. Rais wa Marekani Abraham Lincoln alipouawa mwaka 1865, mwili wake ulitiwa dawa na kusafirishwa kwa treni kutoka Washington hadi Springfield, safari ya karibu wiki mbili, watu wakipanga foleni kumwona mji kwa mji. Njiani uso ulianza kuwa mweusi, ikabidi wahifadhi waupake poda kila mara. Kama rais ilikuwa hivyo, mweleze mfiwa ukweli kabla hajafungua jeneza, si baada.

Wafiwa ndio kazi ngumu zaidi, na ndiyo niliyoipenda. Wengi hawataki maneno yako, wanataka mtu wa kukaa nao asitazame saa. Binti mmoja aliniomba aingie amwone mama yake. Nilikuwa nimemchana nywele vizuri, nimezigawa upande wa kushoto. Alisimama kimya muda mrefu, halafu akasema, "Mama alikuwa anazigawa katikati." Nikampa chanuo. Mkono wake ulikuwa unatetemeka mwanzoni, baadaye ukatulia, akawa anamsimulia mama yake habari za nyumbani huku akichana. Nilirudi nyuma hadi mlangoni nikasubiri. Baada ya hapo, kitu cha kwanza nilichoomba kwa kila familia, kabla ya nguo na kabla ya malipo, kilikuwa picha ya marehemu akiwa mzima.

Sasa usitume maombi chuoni bado. Chukua likizo yako, uje ukae na mimi wiki moja. Niliyemwachia zamu yangu amekubali uingie naye asubuhi, na nimemwambia asikuonee huruma. Atakuanzisha kwenye daftari na lebo, mwili hutaugusa mpaka siku ya tatu. Njoo na viatu vilivyofunikwa mbele, sakafu ya mle haikauki.

Wako,
Mama