Injini iko katikati, mbona mkia umenitupa?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota MR2 ya mwaka 1991. Juzi mvua ikinyesha niliingia kipilefti hapa Arusha, nikaona nimezidisha mwendo, nikaachia mafuta. Gari likajizungusha, likatazama nilikotoka. Fundi wangu anashangaa, maana injini iko katikati, nyuma ya viti na mbele ya magurudumu ya nyuma. Ameniwekea mfuko wa mchanga chini ya boneti ya mbele, na anataka nifunge matairi manne ya saizi moja ili niweze kuyabadilishana mbele na nyuma. Nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba. Mchanga utoe leo. Matairi ya saizi moja usifunge kabisa.

Gari lako lilitoka kiwandani na matairi ya upana wa milimita 195 mbele na 205 nyuma, kwenye rimu za inchi 14. Toyota walipolirekebisha baadaye walipanda hadi inchi 15, wakapanua la nyuma mpaka 225 na kugusa sasipensheni. Toyota wenyewe waliongeza mpira nyuma, halafu fundi wako anataka kuupunguza!

Kinachonichosha ni hii imani kwamba injini ikikaa katikati gari linajishikilia lenyewe barabarani. Naisikia kila wiki. Mfikirie mtu aliyebeba mzega, ndoo huku na ndoo kule. Kumgeuza ni kazi. Mwingine amekumbatia mzigo uleule kifuani: anageuka mara moja. MR2 ndiye huyo wa pili. Inageuka haraka unapotaka, na inageuka haraka vilevile usipotaka. Ulipoachia mafuta ndani ya kona, uzito ulikimbilia mbele, matairi ya nyuma yakawa mepesi wakati yanahitajika kuliko wakati wowote. Maliza breki usukani ukiwa umenyooka, kisha ingia kona na mafuta kidogo yasiyobadilika. Ukishaingia vibaya, usiruke kutoka kwenye pedali, punguza taratibu.

Najua fundi wako atakujibu kwamba hata Porsche waliwahi kuficha vyuma kwenye bampa la mbele la 911, gari lao lenye injini nyuma kabisa. Ni kweli. Lakini vilishikizwa visihame, na havikuwa dawa: kwenye toleo la 1969 walisogeza magurudumu ya nyuma milimita 57 kurudi nyuma. Mfuko wa mchanga unahama kila ukipiga kona.

Wanaobishana vijiweni kuhusu injini ikae wapi wangetazama Safari Rally. Datsun 240Z, injini mbele, ilishinda 1971 na 1973. Lancia Stratos, injini katikati, iliipa Lancia ubingwa wa dunia wa watengenezaji miaka mitatu mfululizo, 1974 hadi 1976, lakini haikushinda Safari hata mara moja.

Nawaambia na wengine mnaonunua magari ya spoti yaliyotumika: kabla ya kuuliza injini iko wapi, inama usome tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne. 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi la umri huo linaweza kuwa na kashata zote, yale mafundo yanayokanyaga barabara, na mpira umeshakuwa mgumu kama kwato. Mwaka jana nililetewa gari lililopinduka kwenye lami yenye maji, limetoka kufungwa shokapu mpya za bei kubwa, na matairi ya nyuma yalikuwa na miaka 14. Muuzaji alikuwa amemwambia kijana mwenye gari kwamba gari la injini ya katikati halina haja ya tairi jipya.