Mbao ya mti uliokufa Montréal, tuilete Goma?

SWALI: Yaya jambo, tuko hapa Ndosho, Goma. Kaka yetu mkubwa anayeishi Montréal, Canada, ametutumia foto, wamekata miti mikubwa yote ya barabara yake, ile inaitwa frêne, anasema kijidudu ndiyo kiliua. Sasa baba ni fundi wa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, tangu aone yale magogo kwenye simu hana raha, anataka kaka amtumie gogo moja na mbegu tupande kwenye parsele. Huo mti uko namna gani, na utaota kwetu?

JIBU: Mdogo wangu, salimia baba sana, jicho lake la fundi halikukosea. Mbao ya mfrene ni ngumu lakini inakubali kupinda bila kuvunjika, na ndiyo maana Wazungu tangu zamani walichongea mipini ya shoka, makasia na magurudumu ya mikokoteni. Anayejua chukudu inavyopigwa na mawe kutoka Kibumba mpaka mjini, na viazi juu, ataelewa haraka.

Huko kwao, Ulaya na Amerika ya Kaskazini, mfrene ni mti wa maana sana msituni. Unachelewa kutoa majani na hata yakitoka hayazibi jua lote, kwa hiyo maua na vichaka vya chini vinapata mwanga, halafu majani yakianguka yanaoza haraka, minyoo inakula na udongo unanona. Kuna mwingine mweusi wa kwenye mabwawa, wenyeji wa asili wa Canada na Marekani wanapiga gogo lake kwa nyundo mpaka linaachana, kila mwaka wa mti unatoka utepe mmoja mrefu, na wanasuka vikapu. Ukifa huo, maji yanapanda juu kwa sababu hakuna tena wa kuyanywa, na miti mingine inashindwa kuota pale. Hapo ndipo mimi naumia zaidi, kwa sababu kikapu nacho kinapotea pamoja na msitu.

Kijidudu chenyewe ni kidogo kabisa, urefu wa sentimita 1 hivi, kijani kinang'aa kama kimepakwa rangi ya gari. Kilitoka Asia, wanaamini kilisafiri ndani ya mbao za kufungia mizigo, kikatambuliwa 2002 upande wa Detroit, Marekani, na Windsor, Canada, na Montréal kikaonekana 2011. Kijidudu kilichokomaa kinakula majani tu, si neno, anayeua ni mtoto wake, anachimba chini ya ganda njia za kupindapinda na kukata mishipa ya chakula, miaka michache mti unakauka. Mwambie kaka aangalie ganda kwa karibu, akiona vitundu vidogo vyenye umbo la herufi D basi ndiyo mwenyewe alitokea hapo. Ile miti inayowahiwa wanaidunga dawa kwenye shina, na utashangaa, dawa hiyo kule Montréal inatoka kwenye mbegu za mwarobaini.

Sasa gogo. Hapana mdogo wangu, lisitumwe. Kijidudu hiki kikiruka chenyewe hakifiki mbali, ni watu waliokibeba kwenye kuni na magogo yenye ganda, ndiyo maana huko kuhamisha kuni za mfrene kulikatazwa sehemu nyingi. Nasi tunajua mambo haya, mnyauko wa migomba ulitembea hivyo hivyo, kwa machipukizi ya kupeana na panga isiyosafishwa. Mama yangu mdogo kule Masisi alipewa machipukizi na ndugu yake kwa roho safi kabisa, ndizi zikaanza kuiva kabla ya wakati, ukikata ndani ni kahawia, akang'oa shamba lote.

Mbegu pia muache. Mfrene ni mti wa nchi zenye majira ya baridi, unalala miezi mingi bila majani, na mbegu ya ule wa Ulaya mara nyingi inakaa ardhini mpaka ipite baridi mbili ndiyo iote, Goma utaipatia wapi baridi hiyo?

Baba akitaka kuishika hiyo mbao kwa mkono wake, kaka akija likizo amnunulie dukani mpini wa shoka wa mfrene, ule uliokaushwa na kuchongwa, hauna ganda.