Saratani ya mapafu, TB ya zamani na breki za kinga

SWALI: Baba yetu ana saratani ya mapafu, ile isiyo ya seli ndogo. Daktari amependekeza pembrolizumab. Mwaka 2009 aliugua TB akamaliza dozi. Je, dawa hii inaweza kuiamsha? Na je, apimwe vinasaba? – Msomaji, Tanga

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Ndiyo, TB inaweza kuamka, ingawa huwatokea wachache. Asinyimwe dawa kwa sababu hiyo, apimwe kwanza.

Seli T, askari wa kinga, zina breki iitwayo PD-1, iliyogunduliwa Japani mwaka 1992 katika maabara ya Tasuku Honjo. Saratani huikanyaga breki hiyo kwa PD-L1, protini iliyo juu ya seli zake, askari wakasimama. Pembrolizumab huifunika PD-1 isikanyagwe. Mtu angetarajia TB nayo ipigwe zaidi, lakini panya wasio na jeni ya PD-1 hufa upesi kwa TB: seli T zisizozuiwa huharibu mapafu yenyewe. Mwaka 2021 iliripotiwa habari ya mtoto aliyerithi nakala zote mbili za jeni hiyo zikiwa mbovu. Alipata kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo na TB. TB ilitibika, kilichomuua ni kinga yake kushambulia mapafu.

Hitilafu hiyo ni adimu mno, hivyo baba hahitaji kipimo chake. Kinachopimwa ni kinyama cha uvimbe: jeni za EGFR na ALK (zikiwa na mabadiliko, vidonge vinavyozilenga hutangulia) na PD-L1. PD-L1 ikionekana kwenye asilimia 50 au zaidi ya seli za saratani, pembrolizumab yaweza kutumika bila kemotherapi: miligramu 200 kwa dripu ya dakika 30, kila wiki 3.

Kabla ya dripu ya kwanza apigwe picha ya kifua, na akiwa na makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya TB. Apimwe pia VVU, homa ya ini B, sukari, ini, figo na tezi ya shingo.

Akianza kukohoa upya, kubanwa pumzi, au kuharisha hadi safari zake za choo kwa siku zikaongezeka kwa 4 au zaidi juu ya kawaida yake, arudi hospitali siku hiyohiyo. Msimpe dawa ya kufunga tumbo mkasubiri. Madhara ya kinga kushambulia mwili hutulizwa kwa prednisoloni, dawa inayoshusha kinga na kupunguzwa taratibu kwa wiki 4 hadi 6, na hapo ndipo TB hupata mwanya mwingine. Ikithibitika TB, mkumbusheni daktari: rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hupunguza prednisoloni mwilini, hivyo dozi ya prednisoloni huenda ikahitaji kuongezwa.