Namba za spea za Ford ya zamani zinasomwaje?

SWALI: Shikamoo fundi, niko Mafinga, mzee kaniachia pikapu Ford F-100, sasa kwenye silinda hedi (kile kifuniko cha juu ya silinda za injini) kumeandikwa D2TE-AA, jamaa wa spea Mwanjelwa anasema gari ni ya 1972 na niagize kwa namba hiyohiyo. Ni kweli?

JIBU: Marahaba kijana. Nusu nusu. D ni miaka ya 1970 (C ya 60, B ya 50), 2 ndo mwaka wenyewe, T ni pikapu na malori, E injini, kwahiyo hedi ilichorwa kwa ajili ya 1972 ila gari lako linaweza kuwa la miaka ya baadaye kidogo maana Ford walikuwa wanatumia kitu kilekile miaka kadhaa. Alafu hiyo ni namba ya kiwandani, usiagizie hiyo, namba ya dukani mara nyingi herufi ya nne inakuwa Z, katikati inafuata namba ya aina ya spea, silinda hedi ni 6049, kabureta 9510, na hiyo haibadiliki uwe na pikapu au gari dogo la Ford kama Mustang, mwishoni herufi ya toleo. Mwenye Chevrolet asihangaike na hesabu hii, namba zao ni tarakimu tupu, mwaka huuoni humo.

Kabla hujatuma hela piga picha hedi yote, sio namba tu.