Pikipiki inachemka na ukivuta mafuta haiitiki

Pole sana, kaka. Umesema pikipiki yako ya cc 150 inachemka, na ukivuta mafuta mlimani inachelewa kushika. Tafadhali usikubali injini ifunguliwe bado.

Dalili hizo zikija pamoja, mimi hushuku kwanza hewa imezidi petroli. Baada ya mwendo mrefu, acha injini ipoe, fungua plagi uitazame. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inakosa mafuta. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli inazidi, mara nyingi kwa sababu chujio la hewa limeziba. Kahawia isiyokolea ndiyo nzuri.

Ukikuta nyeupe, kagua mpira unaounganisha kabureta na silinda. Hupasuka upande wa chini, mahali usipopaona. Injini ikiwa inaunguruma, nyunyizia hapo maji ya sabuni kidogo. Mlio ukibadilika, hewa inapenya. Mpira ukiwa mzima, safisha jeti, yaani vipande vyenye vitundu vya kupitishia petroli ndani ya kabureta, kwa petroli na upepo. Fundi asizichokonoe kwa waya, maana tundu likipanuka ndiyo basi tena.

Zungusha na gurudumu la nyuma kwa mkono: breki ikiwa inashika, injini inabeba mzigo huo kutwa. Oili ipime pikipiki ikiwa wima. Injini ikilia sana bila mwendo kuongezeka, hapo ni klachi inateleza.

Na ukisikia inagonga ndani ikiwa ya moto, zima hapohapo, hata kama una abiria.