Je, programu inaweza kumnasa gaidi kabla hajashambulia?
Mkuu, umeuliza kama programu ikisoma machapisho ya watu itamnasa gaidi mapema. Peke yake, haiwezi. Piga hesabu: katika watumiaji milioni 1 tuseme wamo magaidi 10, na programu inakosea asilimia 1 tu. Watu karibu 10,000 wasio na hatia watatiwa alama. Nani atawachunguza wote hao?

Inapofaa kweli ni kwenye kuchora mtandao: akaunti zipi zimefunguliwa siku moja, zipi zinarusha kiungo kilekile kwa dakika zilezile. Na kuzuia video za ugaidi ambazo tayari zinajulikana. Baada ya shambulio la misikiti ya Christchurch, New Zealand, Machi 2019, Facebook iliondoa nakala milioni 1.5 za video ya shambulio hilo ndani ya saa 24, ingawa zilizokatwakatwa zilipenya.