Kabla Hujaagiza Chupa, Jaza Ndoo Maji

Chupa zangu za kwanza za asali nilizivalisha lebo ya plastiki, ile ya kubana kwa hewa moto, kuanzia shingoni hadi kitakoni. Zilipendeza kweli. Wateja waliporudisha tupu, nilizitia guniani nikazipeleka kwa wanunuzi wa plastiki karibu na jaa la Gioto, hapa Nakuru, nikitarajia angalau nauli.

Mama aliyekuwa akichambua alichomoa moja, akaigeuza, akaitupa kando. "Baba, hii umeivalisha sweta. Nikae nikiivua kwa wembe, kilo nitafikisha saa ngapi?"

Chupa yangu tupu ina gramu 25. Kilo moja ni sweta 40.

Nyumbani nilikatakata chupa, kifuniko na lebo, nikavitia vyote kwenye ndoo ya maji. Chupa, ambayo ni plastiki aina ya PET (namba 1 pale kitakoni), ilizama. Kifuniko, namba 5, kilielea. Lebo ikazama pamoja na chupa, na hapo ndipo nilipoharibu. Viwandani vipande vilivyosagwa hutenganishwa majini vivyo hivyo: kinachozama huku, kinachoelea kule. Lebo yangu ilikuwa PVC, plastiki ya aina nyingine, ambayo uzito wake unakaribiana na wa PET. Ikipenya hadi kwenye tanuri, huanza kuharibika kabla PET haijayeyuka, inatoa asidi na kuacha plastiki nzima ina umanjano.

Kwa hivyo agiza lebo ya polipropilini (namba 5, ile ile ya kifuniko kilichoelea), ndogo, ya upande mmoja. Rangi ya chupa usiihangaikie: isiyo na rangi ndiyo yenye soko, kwa kuwa yaweza kugeuzwa rangi yoyote. (Mimi nilitaka ya kahawia, ifanane na asali. Ushamba tu.)

Gundi ndiyo itakayokutoa jasho. Mchapishaji ataapa kwamba zote ni sawa. Omba sampuli, loweka kwenye maji moto. Moja ilinibandukia safi. Nyingine iliacha mnato ambao hata steelwool haikuuweza. Fanya hayo kabla ya kulipa, maana Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inambebesha mzalishaji wajibu wa vifungashio vyake.

Nilirudi Gioto na chupa mpya. Mama akaibandua lebo kwa mkupuo mmoja, akaitupa chupa guniani, kisha akaniuliza kama sikubakisha yenye asali.